Mwasumini katika Bustani ya Baraka: Neno na Mmea Wake

1.0 Utangulizi

Asumini ni jina la kawaida la mwanamke katika mji wa Baraka, kama lilivyo la kawaida huko Kasongo, Kindu na Kisangani. Ni nadra mwalimu kuita orodha ya wanafunzi mwanzoni mwa mwaka asilikute. Hata hivyo, tunapouliza darasani asumini ni kitu gani, jibu tunalolipata mara nyingi ni kwamba hilo ni jina la bibi, au la shangazi. Wachache husema ni ua. Aliyewahi kulinusa hapatikani kwa urahisi.

Mwanafunzi huyo huyo anatakiwa, katika somo la ushairi, aeleze kwa nini mtunzi wa pwani amemfananisha mpenzi wake na asumini. Huandika kuwa asumini ni ua zuri lenye harufu nzuri, nasi humpa alama zake. Jibu lake si kosa, ila ni jibu la kamusi. Mtunzi wa Lamu, Mombasa au Unguja alijua mengi zaidi ya hayo: alijua kwamba ua hilo hufumbuka jioni na kuanguka siku ya pili, kwamba harufu yake huzidi giza linapoingia, kwamba huchumwa likiwa bado tumba, na kwamba mti wake haupatikani ila kwa mkono wa mtu aliyekwisha kuwa nao. Asiyeyajua haya husoma nusu ya shairi.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili yanayotegemeana: jinsi neno asumini lilivyofika kwetu, na jinsi mmea wenyewe unavyoweza kukuzwa hapa Baraka. Msomaji ataona kwamba tumelirefusha jambo la pili kuliko inavyozoeleka katika jarida la taaluma ya lugha. Sababu ni hii: mwasumini wa bustanini kwa kawaida hauzai mbegu. Kila mwasumini uliopo ni tawi lililokatwa katika mwasumini mwingine, na huo nao vivyo hivyo, hadi kufika bustani za Asia ya Kusini ulikoanzia. Mnyororo huo ukikatika mahali, hakuna punje iliyobaki ardhini ingoje mvua. Kwa watu ambao wamehama mara kadhaa, kama sisi wa Fizi, hili si jambo dogo.

2.0 Neno na njia yake

Asili ya neno ni Kiajemi, na kutoka huko liliingia katika Kiarabu kwa umbo la yasamin. Kiswahili kina maumbo zaidi ya moja: yasmini, asmini na asumini. Katika mawili ya mwisho, sauti y ya mwanzo imedondoshwa. Katika asumini, mfuatano wa konsonanti s na m, usiokubaliana na silabi ya kawaida ya Kiswahili, umevunjwa kwa kuchopekwa irabu u. Kwamba irabu hiyo ni u wala si i si jambo la bahati: konsonanti za midomo, yaani m na b, aghalabu huvuta u jirani yake, kama tuonavyo mwishoni mwa maneno elimu, hukumu, adabu na kitabu. Kwa hiyo asumini ndilo umbo lililosafiri ndani zaidi ya kinywa cha Mswahili, ilhali yasmini limebaki karibu na kalamu ya msomi. Ni jambo la kufurahisha kwamba umbo lililoenea katika majina ya wanawake wa mashariki mwa Kongo ni hilo la kwanza, lenye dalili zote za kutamkwa na watu wa kawaida kwa muda mrefu.

Upande wa ngeli, ua ni asumini na mti ni mwasumini, wingi wake miasumini, kwa kanuni ile ile ya karafuu na mkarafuu. Kanuni hii ni hai: mwanafunzi ambaye hajauona mti huo huweza kuunda jina lake bila kufundishwa. Lugha imempa jina la mti asioujua.

Pwani hutofautisha pia asumini na afu. Afu ni ua la mwafu, yaani yasmini ya mwituni, mmea utambaao. Mmoja wa jamii hiyo, ambao wataalamu wa mimea huuita Jasminum fluminense, ni mzaliwa wa Afrika ya kitropiki. Jina lake la kitaalamu maana yake ni wa Rio de Janeiro, kwa kuwa mtu wa kwanza kuueleza kitabuni aliukuta Brazili na kudhani ni wa huko, kumbe ulikuwa umevushwa bahari kutoka Afrika. Wanaisimu tusiwacheke wataalamu wa mimea. Nasi tunayo maneno tuliyoyaandikia asili kwa namna hiyo hiyo.

Mwasumini wenyewe huitwa Jasminum sambac. Neno sambac limetokana na zanbaq la Kiarabu, ambalo zamani lilitumika kwa yasmini hii na mafuta yake, na siku hizi hutajwa zaidi kwa ua la jamii ya yungiyungi. Linnaeus aliuandika mmea huu mwaka 1753 katika jenasi nyingine, na Aiton akauhamishia Jasminum mwaka 1789. Ufilipino iliufanya ua la taifa mwaka 1934, na Wachina hutumia maua yake kutia majani ya chai harufu.

Sasa neno lilifikaje Baraka? Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kuitumia bandari hiyo. Kutoka Ujiji mitumbwi ilivuka ziwa hadi ukingo wetu wa magharibi, na njia za nchi kavu zikaendelea hadi Kasongo na Nyangwe. Pamoja na biashara, na mara nyingi kwa mabavu yake, zilikuja dini, lugha na desturi za kuwapa watoto majina. Jina halihitaji kumwagiliwa maji. Ndiyo maana tunao kina Lulu na kina Marijani katika mji usio na bahari, na hatuoni ajabu. Lakini lulu na marijani haziwezi kuishi Baraka hata tukitaka, ilhali mwasumini unaweza.

3.0 Kuutambua mmea

Kabla ya kupanda, mtu hana budi kuwa na hakika kwamba alicho nacho mkononi ni mwasumini kweli, kwani jina yasmini, au jasmin la Kifaransa tunalolisoma kwenye sabuni na chupa za manukato, hupewa mimea mingi yenye maua meupe.

Mwasumini ni kichaka kisichopukutisha majani mwaka mzima, kimo chake nusu mita hadi mita tatu, chenye matawi membamba yanayopenda kuegemea ukuta au mti mwingine. Majani yake ni mapana kiasi, ya kijani iliyokolea, nayo hukaa mawilimawili yakitazamana kwenye kifundo kimoja, au matatu pamoja. Kila jani ni moja zima. Likigawanyika vijani vitatu juu ya kikonyo kimoja, huo huenda ukawa mwafu. Ua ni jeupe, lenye kijibomba chembamba na petali tano au zaidi. Ziko aina ambazo petali zake hurundikana kama waridi dogo. Likizeeka hugeuka rangi ya zambarau hafifu kabla ya kuanguka.

Jaribio rahisi kuliko yote ni kukata kikonyo cha jani. Yakitoka maziwa meupe, si mwasumini. Kwa jaribio hilo tu utautenga ule mti wa maua mazito unaopandwa makaburini na penye makanisa, ambao wengi huuita yasmini, na pia kichaka kingine cha mapambo kifananacho sana na mwasumini kwa majani na rangi ya ua. Mmea wa tatu wa kuangaliwa ni ule unaonukia usiku tu kwa nguvu ya kuumiza kichwa, wenye maua membamba ya kijani kibichi kilichopauka na matunda madogo meupe. Huo ni Cestrum nocturnum, na matunda yake ni sumu. Usipandwe penye watoto.

4.0 Kuukuza Baraka

4.1 Kipandikizi

Maadamu hakuna mbegu, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata. Chagua tawi lisilo changa mno wala lisilokomaa na kuwa gumu kama kuni; ukilikunja linapinda kwanza ndipo linavunjika. Kata kipande cha sentimita 10 hadi 15 chenye vifundo vitatu au vinne, ukikata chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili ya juu, na kama ni makubwa yakate nusu ili yasipoteze maji. Chomeka vifundo viwili katika mchanganyiko wa mchanga na mbolea ya majani iliyooza, mahali penye kivuli, na kufunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita. Anayekichomoa kipandikizi kila wiki ili aone kama kimeota mizizi hatauona mwasumini wake. Tunasema hivi kwa uzoefu.

Njia ya pili ni kulaza tawi. Tawi refu la chini huinamishwa hadi ardhini, likakwaruzwa kidogo chini ya kifundo, likafukiwa na kukandamizwa kwa jiwe. Likishika mizizi hukatwa kwa mama. Ni njia ya polepole, lakini haihitaji uangalizi, na tawi halifi kiu kwa sababu linaendelea kunyonya kwa mama yake.

Wakati ufaao kwetu ni Oktoba na Novemba, mvua zinapoanza. Kipandikizi cha Juni kitakutana na kiangazi hadi Septemba kikiwa hakina mizizi.

4.2 Maji ya ziwa

Hapa ndipo penye kosa ambalo halimo katika vitabu vya bustani, kwa kuwa vitabu hivyo havikuandikwa kando ya Tanganyika. Kipandikizi changu cha kwanza kilivuka ziwa kutoka Kigoma katika chupa iliyokatwa shingo. Kikashika, kikatoa majani manane mapya, nami nikawa nakimwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya ziwa, kama nilivyokuwa nikimwagilia mchicha. Mwezi wa tatu majani mapya yalitoka ya manjano, mishipa tu ikibaki kijani. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Yakazidi kuwa ya manjano, kisha ncha zikakauka, kisha mmea ukafa.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana hali ya magadi. Kipimo chake cha pH hukaribia 9, ilhali maji yasiyoelemea upande wowote ni 7. Mwasumini hupenda udongo unaoelemea kidogo upande wa uchachu. Ukimwagiliwa maji ya magadi siku baada ya siku, chuma kilichomo udongoni hushikwa katika hali ambayo mizizi haiwezi kukinyonya. Mmea usiopata chuma hauwezi kutengeneza rangi ya kijani, na alama yake ndiyo hiyo: jani changa la manjano lenye mishipa ya kijani. Mchicha huvumilia kwa kuwa huvunwa mapema, kabla madhara hayajajikusanya. Kichaka cha miaka hakivumilii.

Dawa yake si ghali. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati na uyaweke kwenye pipa kwa ajili ya kiangazi. Yakiisha, tumia maji ya mto au ya kijito kitokacho milimani kabla ya kutumia ya ziwa. Tandaza majani makavu kuzunguka shina, na kila baada ya miezi miwili ongeza mbolea iliyooza vizuri. Ikibidi kutumia maji ya ziwa, mara moja kwa wiki si sawa na mara mbili kwa siku. Mmea wa pili niliutunza hivyo, nao una miaka minne sasa.

4.3 Mahali na matunzo

Baraka iko chini kabisa ya milima, ukingoni mwa ziwa ambalo liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Haina baridi ya kuudhuru mmea huu, jambo ambalo wenzetu wa milimani hawawezi kulisema kwa hakika hiyo. Mwasumini unataka jua la saa sita hivi kwa siku. Kivulini utaishi, ila utatoa majani bila maua, na mwenyewe ataulaumu bure.

Chimba shimo la sentimita 40 kila upande. Mchanga wetu wa ufukweni hupitisha maji upesi mno, hivyo uchanganywe na mbolea ya mbuzi iliyokaa muda, isiwe mbichi. Penye udongo mzito pandisha tuta, kwa maana mizizi ya mwasumini haivumilii kusimama majini. Tangu mwaka 2020 ziwa lilipopanda, jambo hili si la kinadharia. Mwaka 2024 maji yaliingia katika mitaa ya Baraka, Uvira na Kalemie, na bustani za chini zikaoza. Anayekaa karibu na ufukwe na auweke mmea wake katika ndoo yenye matundu, ili aweze kuubeba.

Maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Kwa hiyo, kila kundi la maua linapokwisha, pogoa theluthi moja ya urefu wa matawi. Watu wengi huona huruma kukata mmea wa kunukia, na huruma hiyo ndiyo inayowanyima maua. Matawi yaliyopogolewa yasitupwe. Hayo ndiyo vipandikizi vya jirani.

Wakati wa kiangazi tazama upande wa chini wa majani. Utitiri hufuma hapo utando mwembamba na kuyafanya majani yawe na vidoa vilivyopauka. Maji ya sabuni yaliyonyunyiziwa jioni, kisha maji safi asubuhi, yatosha. Adui mkubwa zaidi ni mbuzi, na dawa yake ni uzio wa miiba.

5.0 Kuchuma, kutunga na kukabidhi

Aliye na mwasumini uani hujifunza msamiati wake bila daftari. Ua lisilofunguka ni tumba. Tumba hukua siku kadhaa likiwa la kijani, kisha jioni moja huwa jeupe pe na kuvimba. Hiyo ndiyo jioni ya kulichuma, kabla jua halijazama. Usiku hufumbuka, liwe mtini au katika sahani, na harufu huendelea kutoka hata baada ya kuchumwa. Kwa sababu hiyo wanawake wa pwani hulala na asumini mtoni au katika nywele: wamechuma matumba, usiku yanafumbuka pamoja nao. Mwanafunzi anayedhani kwamba maua huchumwa asubuhi yakiwa na umande hataielewa picha hiyo ya kishairi, wala hatajua kwa nini asubuhi katika mashairi ya namna hiyo mara nyingi huja na huzuni. Adhuhuri ya siku ya pili ua limekwisha nyauka.

Tazama pia vitenzi. Ua hufumba na kufumbua, kama jicho, na kutoka fumba tunapata fumbo. Maua hutungwa katika uzi yakawa koja la kuvaliwa shingoni, kama shanga zinavyotungwa. Na shairi nalo hutungwa, likaitwa utungo. Tunapowafundisha wanafunzi kwamba kutunga ni kubuni, tunawapa maana ya mbali na kuwanyima ya karibu, ile ya sindano kupita katika kijibomba cha ua moja baada ya jingine bila kulipasua. Nililitambua hili nikiwa na sindano mkononi, si nikiwa na kamusi. Asumini ikichanganywa na rehani, mkadi au mlangilangi na kufungwa pamoja hupata jina jingine, kikuba, ambacho hubanwa kifuani kwenye nguo. Baraka tuna rehani tele. Kwa mwasumini mmoja tu kikuba kamili kinawezekana hapa.

Anayetaka kuihifadhi harufu asijaribu kuyachemsha maua, kwani joto huiharibu. Desturi ni kuyalaza matumba yaliyovimba katika mafuta yasiyo na harufu yake yenyewe, kama ya ufuta au ya nazi, usiku mmoja, kisha kuyatoa na kutia mengine, kwa siku nyingi mfululizo. Mawese yetu hayafai. Harufu yake na rangi yake hushinda kila kitu.

Lililobaki ni la kukabidhi. Vita vya 1996 vilipofika kwetu, maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa kwenda mkoa wa Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilianza mwaka huo huo. Mbegu ya mahindi na ya maharagwe huweza kufungwa katika pindo la kitenge na kupandwa ng'ambo. Tawi la mwasumini likikaa siku mbili bila unyevu limekufa, na hakuna akimbiaye risasi akakumbuka kulowesha tawi. Kuanzia mwaka 2005 meli ziliwarudisha wengi kutoka Kigoma hadi bandari ya Baraka. Walirudi na watoto waliozaliwa ng'ambo, na Kiswahili chenye lafudhi ya Kigoma, na kina Asumini wengi wakubwa kwa wadogo. Mwanamke mmoja mtu mzima, jirani yetu, alipopita penye ukuta wetu jioni alisimama, akauliza ni nini kinachonukia. Nilipomwambia, alicheka akasema kwamba hilo ni jina lake, na ndiyo mara ya kwanza wanakutana.

Nilimpa vipandikizi vitatu. Kimoja kilikufa, viwili vimeshika, na kimojawapo amekwisha kumkatia binti yake aliyeolewa Mboko. Mwaka huu nitapogoa tena mvua za Oktoba zikianza. Mwalimu au mwanafunzi anayehitaji tawi aje jioni na chupa yenye maji ya mvua kidogo, wala asiyateke ziwani.